Habari Iliyokaa Mkiani

Mwaka ule, jijini Dodoma, hakuna aliyesoma ujumbe mrefu tena. Kila mtu alivaa mkononi kioo chembamba kiitwacho kidokezi. Ujumbe ukiingia, kidokezi kiliusikiliza chenyewe, kikauchuja, kikaonyesha rangi na maneno mawili matatu: kijani kwa la heri, nyekundu kwa la shari. Hotuba ya saa nzima ya mgeni rasmi ilitokea hivi: "Anawasalimu." Wala hakikukosea.

Aliyekisanifu ni mhandisi Nakiete, mzaliwa wa milima ya Upare. Alipima macho ya watu elfu kumi, akaona hayavuki mstari wa kwanza. Basi akakifundisha kidokezi kuamini mwanzo wa maneno. Kwao Upare mwanzo ni wa salamu. Jambo lenyewe hukaa mkiani. Nakiete alilijua hilo tangu utotoni, akalisahau kwenye lifti za maofisi ya jijini.

Wiki tatu mama yake alimtumia ujumbe wa sauti. Wiki tatu kioo kiliwaka kijani: "Hatujambo, mvua imenyesha." Nakiete akafurahi, akaendelea na kazi.

Asubuhi moja mama yake mdogo, Namsifu, akaingia ofisini na kapu lake.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Nimekuja kutazama kama masikio bado unayo."

"Mama hajambo?"

"Muulize huyo wa mkononi."

Nakiete akaufungua ujumbe wa kwanza, akausikiliza wote. Mvua. Ndizi. Jirani kajifungua mapacha. Kisha sauti ikashuka: "Ila mguu huu, mwanangu, umeanza kuoza kwa sukari. Daktari anataka kuukata. Nimemwambia angoje kwanza, mpaka uje unishike mkono."

Jumbe zilikuwa tisa.

"Wameshaukata?"

"Juzi. Wangeukatia chini ya goti. Kungoja kumepandisha mkato hadi pajani. Mkono nilimshika mimi, na wangu mgumu kama mpini."

Treni ya kasi iliwafikisha Upare, hospitalini kwa mama, alasiri ile ile. Nakiete alitaka kuomba radhi, mama akamtangulia: "Umekula?" Akauliza habari za safari, za kazi, za majirani wa Dodoma ambao Nakiete mwenyewe hakuwajua majina. Nakiete akajibu moja moja, bila kuharakisha.

Mwishowe mama akatazama shuka.

"Kidole gumba cha mguu kinaniwasha," akasema, "na hakipo."

Nakiete akaweka mkono juu ya shuka, pale palipokuwa patupu, akakuna.

"Teremsha mkono kidogo," mama akasema.