Mshenga Aliyetumwa Kuhusu Kadi ya Grafiki

Mzee Rénovat alipangusa vumbi la barabara ya Mwese usoni, akaketi, akatoa karatasi mfukoni.

— Mama Dina, nimekuwa mshenga mara sita. Nimebeba maneno ya ng'ombe, ya majembe, ya mkaja. Leo nimebebeshwa maneno ya kadi ya grafiki.

Nikamwambia asome taratibu, maana shule yangu iliishia darasa la tatu na yake haikuipita yangu mbali. Nyuma ya pazia la chumbani mjukuu wangu Imakulata alikuwa ametega sikio, na nilijua anasikia kila neno.

Ilikuwa hivi. Imakulata na Yotham walikutana hapahapa Mpanda kwenye kibanda cha gemu, siku binti alipomfunga mabao manne mbele ya wenzake. Kijana hakununa, aliomba marudiano, na mapenzi yakaanzia hapo. Wakapanga kununua laptop moja ya gemu: mchana Imakulata ahariri video za harusi, jioni vijana waje kucheza. Hiyo ndiyo ingekuwa riziki ya nyumba yao.

Muuzaji yuko Dar. Akawaambia kadi ya grafiki ndiyo inayochora picha za gemu, basi wachague. Kuna laptop nyembamba, nzuri, yenye kadi ya namba sabini, na kuna nene kama tofali yenye kadi ya sitini. Yotham akataka sabini. Imakulata akasema namba siyo nguvu. Kadi inakula umeme, na ile nyembamba inapewa wati themanini tu isije ikaungua, wakati hii nene inapewa mia na arobaini. Wakakubaliana wasiagize kwanza.

Jumapili posa ya Yotham ikaletwa kwangu. Jumatatu yule muuzaji, asijue amsikilize nani, akamrushia Imakulata ujumbe alioupata kwa Yotham: "Kaka tuma ile ya 70. Huyo dada usimsikilize, nitamwambia ikishafika."

Mjukuu wangu hakulia. Alinipa simu nisome mwenyewe.

— Bibi, posa isijibiwe. Kama ananizunguka kwenye laptop, kwenye watoto itakuwaje?

Sikumbishia. Na kwetu posa ikishaingia ndani, mwoaji hakanyagi uani wala hampigii binti simu mpaka ajibiwe. Kila neno linapita kwa mshenga. Ndiyo maana mzee wa watu, mrina asali, alipandishwa bodaboda kuja kusema habari za wati.

Akasoma kwamba Yotham amekosa, ameizuia ile nyembamba isitumwe, amekubali ya sitini. Imakulata akaniita pale pazia, akaninong'oneza. Nikarudi kwa mgeni.

— Binti anauliza, amekubali kwa sababu ameelewa, au kwa sababu anataka posa ijibiwe?

Mzee akaigeuza karatasi nyuma. Hapakuwa na kitu.

— Hilo hakuniandikia, — akasema.

Akaikunja, akairudisha mfukoni. Halafu akakumbuka kwamba mila inamkataza mwoaji kumpigia binti, ila haijamkataza mshenga kumpigia mwoaji. Akapiga, akaiweka simu kwenye stuli, sauti juu.

Yotham alinisalimia vizuri. Akaeleza kwamba alikwenda kwa Naseeb, mwenye duka la kompyuta hapa mjini, akaomba kujaribu mashine mbili za namna zile, akacheza mechi ileile saa nzima katika kila moja. Nyembamba ilikimbia dakika kumi, halafu ikachemka, wachezaji wakaanza kukwama. Nene ilipiga kelele kama mashine ya kusaga, lakini haikukwama.

— Bibi, nilijua wenzangu watauliza namba. Aibu hiyo ndiyo iliyonifanya nimzunguke, nisameheni. Kwenye kadi alikuwa sahihi. Ila kwenye RAM, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, amekosea, na hapo sikubali. GB nane hazitoshi kuhariri harusi. Tuweke kumi na sita.

Mzee Rénovat akafumba macho kama aliyeona mzinga wake unaanguka na asali yake. Mwoaji gani anabisha siku ya kuomba msamaha?

Pazia likasogea. Imakulata akatoka, akasimama mbele ya ile stuli.

— Nane nilisema lini?

— Alhamisi, kabla ya posa. Kwenye meseji.

Akatoa simu yake, akapekua, akasoma. Akaisoma tena.

— Kweli, nilikosea. Weka kumi na sita.

— Na lile lingine?

— Lipi?

— La posa.

— Hilo lina mshenga wake, — akasema, akakata simu. Ndipo nikaona anacheka.

Akaja akakaa ubavuni kwangu, akaniita kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

— Mke mwenzangu, chukua kalamu. Aliyenibishia hadharani ni bora kuliko aliyenikubalia kwenye karatasi.

Niliandika kwa mkono wangu, herufi kubwakubwa: "Posa tumeikubali. Njooni Jumamosi tuzungumze mahari. Mambo ya kompyuta wataongea wenyewe, mshenga asisumbuliwe."

Mzee Rénovat akaisoma mara mbili, akanirudishia, akaniomba ile sentensi ya mwisho niipigie mstari.