Picha Ishirini na Tatu za Baba

Kibao cha juu ya kaunta kiliita namba arobaini na moja. Msusi akatazama kikaratasi kilicholoa jasho mkononi mwake: themanini na nane. Akasonya.

Ukumbi wa huduma kwa wateja wa simu ulifurika hadi kwenye ngazi. Feni ilizunguka kwa shingo upande, na kila dirisha lilikuwa na mtu anayelalamika. Msusi alikuwa ndani ya gauni jepesi la rangi ya machungwa, nywele zake amezisuka mistari myembamba iliyokutana kisogoni. Wanawake wawili walikwisha kumwuliza saluni yake iko wapi, lakini leo hakuwa na hamu ya kujitangaza.

"Simu inasema picha elfu sita mia nne na kumi na mbili," alijisemea kwa hasira. "Kule kwenye hifadhi ya mtandaoni, elfu sita mia tatu sabini na moja. Laptopu nayo ina yake. Sasa nimwamini nani?"

"Usimwamini yeyote kabla hujajua kila mmoja anahesabu nini," sauti ilisema nyuma yake.

Aligeuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye miwani, shati jeupe lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama yenyewe, kalamu mbili mfukoni.

"Samahani, dada. Nimedandia mazungumzo yako na simu."

"Wewe ni fundi?"

"Mkutubi. Kazi yangu ni kuhakikisha vitabu vilivyo kwenye orodha ndivyo vilivyo kwenye rafu."

"Na huwa vinalingana?"

"Haijawahi kutokea hata siku moja."

Msusi alicheka bila kutaka. Mkutubi akamwonyesha: simu ilihesabu video pamoja na picha, kule mtandaoni video zilihesabiwa kando; hapa kulikuwa na picha zilizofichwa, pale zilizopigwa mara mbili. Kibao kilipoita themanini walikuwa wamepata thelathini na nane kati ya zile picha arobaini na moja zilizopishana.

"Bado tatu," alisema Mkutubi.

"Hizo tatu utanitafutia lini?"

Mkutubi alivua miwani, akaifuta ingawa ilikuwa safi. "Kesho nikitoka kazini?"

Wakaondoka kwenye foleni bila kuhudumiwa.

Hazikupatikana kesho, wala keshokutwa, na hakuna aliyejali. Miezi minane ikapita kama wiki. Mchana, Msusi akiwa na kichwa cha mteja mikononi, simu ikiita aliibana kwa bega.

"Hujambo, mpenzi wa vumbi?"

"Sijambo, mwenye vidole vyangu. Umekula?"

"Nitakulaje na vichwa sita vinanisubiri? Nawe umekula, au umetafuna kurasa?"

"Nimekuwekea nusu. Ukichelewa nitaimaliza na sitaomba radhi."

Wateja walicheka kwenye viti vyao. Walikwisha kuyazoea mazungumzo hayo.

Kilichowasumbua ni picha tu. Saluni ile ilisimama kwa picha: mteja alikuja, akachagua mtindo kwenye simu, akakaa. Lakini mara kwa mara alitokea wa kusema, "Nataka ule wa mwaka jana," na Msusi akitafuta alikuta kiboksi cha kijivu na kiduara kinachozunguka, kinazunguka, hakifiki. Kwenye laptopu mtindo ulikuwepo, kwenye simu haupo. Akipunguza huku, kule zinaongezeka. Simu ikaanza kugoma kupiga picha mpya: nafasi imejaa.

"Ipo siku nitaizamisha hii simu kwenye beseni la shampuu!" alisema Jumamosi moja, machozi ya hasira yakimlengalenga.

"Nipe Jumapili nzima," Mkutubi alimwambia. "Nitazilinganisha."

"Fanya unavyojua. Zinazojirudia futa. Nataka namba moja tu, kila mahali."

Jumapili Mkutubi alikaa mezani nyumbani kwa Msusi tangu asubuhi hadi alasiri, daftari pembeni. Aliandika vifaa vyote vilivyofunguliwa kwa akaunti ile, akaandika idadi, akaweka programu ya kutafuta picha zinazofanana. Programu ikaleta mia tano arobaini. Alipitia kurasa mbili za kwanza: mtindo uleule wa nywele mara nne, kiatu kilekile mara tano. Akaona inatosha. Akabonyeza zifutwe. Kapu la taka nalo likawa bado linakula nafasi, akalimwaga.

Saa kumi alimwita. "Keti chini, kipenzi. Simu: elfu tano mia nane sabini na mbili. Laptopu: elfu tano mia nane sabini na mbili. Mtandaoni?"

"Usiniambie!"

"Hiyohiyo!"

Msusi alipiga vigelegele hadi jirani akachungulia.

Alhamisi iliyofuata alitaka kuchagua picha ya baba yake ya kuchapisha kubwa. Mwaka ulikuwa unakaribia kutimia tangu mzee afariki, na familia ilimwachia yeye kazi hiyo kwa sababu picha za mwisho za mzee alikuwa nazo yeye. Ilikuwa siku aliyomnyoa nyumbani kwa Shangazi, dada wa baba, naye Shangazi akapiga picha mfululizo bila kuondoa kidole. Zilikuwa ishirini na tatu. Baba kwenye kiti cha plastiki, shuka begani, amekunja uso kwa sababu mashine inamtekenya. Baba anafumba macho. Baba anaanza kucheka. Baba anainua mkono kuushika mkono wa binti yake.

Alikuta moja. Baba amekaa wima, anatazama mbele kama wa kitambulisho.

Mkutubi alipoingia saluni jioni ile alikuta viti vitupu na Msusi amesimama katikati, simu mkononi.

"Picha za baba ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zile za kunyolewa. Ishirini na tatu."

Mkutubi aliitazama ile moja. "Zilikuwa… programu iliona zinafanana. Ikabakiza iliyo bora."

"Bora?" Sauti yake ilipasuka. "Nani kaiambia ipi ni bora? Ile ambayo hacheki? Ile ambayo hajanishika mkono?"

"Uliniambia nifute zinazojirudia."

"Baba yangu hajirudii!"

Mkutubi alikuwa amesema kweli, na Msusi alijua kwamba amesema kweli, na jambo hilo ndilo lililomwudhi kuliko yote.

"Zirudishe."

"Kapu nimelimwaga, mpenzi. Nisamehe."

"Usiniite hivyo. Toka."

Wiki tatu Msusi hakupokea simu yake. Alipiga huduma kwa wateja mara saba. Mara tano alisikilizishwa muziki, mara mbili akaambiwa kwa upole kwamba kikifutwa sehemu moja kimefutwa kila mahali, je, kuna jingine la kumsaidia? Shangazi alimpigia kuuliza kama picha imechapishwa. Alidanganya kwamba mashine ya mchapaji ni mbovu. Hakuthubutu kumwambia.

Mkutubi naye alikonda. Maktaba nzima iliona: shati halikupigwa pasi, kalamu ilibaki moja. Alijaribu programu za kufufua picha, zikamletea viatu. Jumamosi asubuhi, akilifungua daftari lake kwa mara ya kumi, jicho lilitua kwenye mstari alioukata kwa kalamu Jumapili ile: *kifaa cha tatu, tableti, hakijaonekana mtandaoni karibu mwaka.* Alikuwa ameuruka akidhani ni mzoga.

Alikimbia hadi saluni. Wateja watano waligeuka pamoja.

"Nilikwambia usikanyage hapa," Msusi alisema, chanuo hewani.

"Nitatoka. Jibu moja tu. Tableti ni ya nani?"

"Tableti gani?"

"Iliyofunguliwa kwa akaunti yako. Haijaingia mtandaoni mwaka mzima."

Chanuo likashuka taratibu. "Ya Shangazi. Nilimfungulia mimi. Bando lake liliisha siku ileile ya kumnyoa baba, hakuongeza tena… Ndiyo aliyopigia picha!"

Alikwisha kuinyakua simu na kupiga. "Shangazi, shikamoo. Ile tableti ipo?"

"Marahaba, mwanangu. Ipo juu ya kabati, nasomea tarehe tu."

"Picha za baba zimo?"

"Zimo tele. Kumbe ndizo zinazokuchelewesha? Si ungesema! Jirani kaweka intaneti, ngoja nimwombe nikutumie sasa hivi."

Simu ikakatika. Msusi alitabasamu kwa mara ya kwanza baada ya siku ishirini, kisha akauona uso wa Mkutubi.

"Mwambie asiunganishe! Ikiingia mtandaoni tu, itaambiwa zimefutwa nayo itafuta. Zimepona kwa sababu haijui."

Alipiga tena. Iliita hadi ikachoka. Shangazi akiwa na shughuli simu huiacha jikoni.

"Nendeni!" alisema mteja aliyesukwa nusu kichwa. "Mimi nitasubiri, nitakwenda wapi na hali hii?"

Teksi iliwashusha kwenye kona kwa sababu mbele lori lilikuwa linapakua matofali. Wakakimbia, Msusi na aproni yake, Mkutubi na shati likipepea. Walimkuta Shangazi amesimama kando ya ukuta wa uani, miwani puani, jirani akimtajia nywila kutoka upande wa pili.

"Herufi kubwa?"

"Ndogo, mama!"

"Imekataa tena. Rudia taratibu."

"Shangazi, usiguse!" Mkutubi alipaza sauti.

"Nani huyu ananifokea uani kwangu?"

Msusi alimkumbatia kwa mkono mmoja, kwa mwingine akaichukua tableti. Nywila ilikuwa imeandikwa yote, imebaki kubonyeza. Mkutubi alizima mtandao, akahema, akaketi palepale chini.

Ndani, Shangazi aliwapa maji, akaketi, akakunja nne. "Haya. Huyu ni nani?"

"Ndiye aliyezifuta picha za baba."

"Na ana uso wa kuja kwangu?"

"Ndiye aliyekumbuka pia kwamba ziko kwako," Msusi alisema, akitazama bilauri yake. "Na mimi ndiye niliyemtuma afute. Sikumwonyesha ni zipi za kuachwa."

Mkutubi aliunganisha waya, akanakili picha zote kwenye kifaa chake kidogo cha kuhifadhia, halafu mara ya pili kwenye kingine. Kisha akaanza kuzifungua moja moja. Hakumjua mzee yule. Alifika baada ya msiba.

"Hapa ananuna," alisema polepole. "Hapa anajizuia kucheka. Hapa amekugundua unamcheka… hapa ameshindwa. Hapa anautafuta mkono wako." Alipitisha kidole. "Zipo ishirini na sita."

"Ishirini na tatu," Msusi alisema.

"Tatu hizi hazikuwahi kupanda mtandaoni. Bando lilikata."

Msusi alisogea, bega lake likagusa la Mkutubi. Kwenye picha ya kwanza kati ya zile tatu, baba alikuwa ameshika mashine, anajifanya kumnyoa yeye. Ya pili, wote wawili wamefumba macho kwa kicheko. Ya tatu ilikuwa imetikisika, kwa sababu hata Shangazi alikuwa anacheka.

Msusi alilia, na safari hii hakumfukuza mtu. Mkutubi alimpa leso, naye akaipokea pamoja na mkono ulioishika.

"Nilidhani ni kitu kimoja," Mkutubi alisema. "Sikuziangalia. Hilo ndilo kosa langu, sikuziangalia."

"Umeziangalia sasa." Alijifuta. "Wiki tatu, wewe! Umekonda kama kalamu zako."

"Hukupokea simu."

"Ungekuja."

"Ulinifukuza."

"Basi ndiyo usije?"

Shangazi aligonga bilauri mezani. "Mtabishana hadi lini? Mwanangu, unamtaka huyu au humtaki?"

Msusi akamgeukia Mkutubi, macho mekundu, aproni ina rangi ya nywele kifuani.

"Kama una la kuomba," alisema, "baba hayupo. Lakini dada yake huyu hapa."

Mkutubi aliilaza tableti mezani kwa mikono miwili, akafunga kifungo cha juu cha shati lisilopigwa pasi, akasimama mbele ya Shangazi, akaanza kuomba.