Mhudumu wa Gari la Wagonjwa Asiye na Cheti

"Dada, shika machela au toka njiani!"

Mwandishi wa miswada ya bunge aliruka pembeni, mafaili kifuani, sketi ya kijivu imembana magoti. Alikuwa amekuja mapokezi ya dharura ya hospitali kuona wagonjwa wanavyocheleweshwa. Aliyemfokea ni mhudumu wa gari la wagonjwa, mabega mapana, shati la buluu limelowa jasho. Alipomkabidhi mgonjwa wake kwa daktari, akarudi akicheka.

"Samahani. Nikiwa na mgonjwa sina adabu."

"Na usipokuwa naye?"

"Nipe namba yako ujionee."

Akampa, bila hata kujivunga.

Miezi mitano simu hazikupoa. Mwanamume alimwita "mheshimiwa wangu", akamsimulia jinsi gari linavyorudishwa kwenye mpaka wa wilaya mgonjwa akiwa hoi. Mwanamke akaandika kifungu cha kukomesha upuuzi huo katika mswada wa huduma za dharura aliokuwa akiuandaa. Kisha mswada ukasomwa bungeni, na kifungu cha tisa, nacho alikiandika yeye, kikasema: asiye na cheti cha chuo asiguse mgonjwa. Mpenzi wake alikuwa amejifunzia kazi garini, miaka kumi na miwili.

"Umenifukuza kazi," alisema kwenye simu.

"Mpenzi, rasimu ni siri. Nisingeweza kukuambia."

"Kuniambia, sawa. Hata kunifikiria?"

Akakata. Mwanamke akabaki na simu mkononi, aibu imemjaa. Kweli hakumfikiria. Ofisini kwake kila mtu ana cheti, hata haikumpitia akilini.

Lakini hakuwa mtu wa kukaa akijililia. Aliandika marekebisho, mwenye uzoefu apewe mtihani wa vitendo badala ya kudaiwa cheti, akayafikisha kwa mwenyekiti wa kamati. Akamtumia mpenzi wake ujumbe: "Alhamisi kamati inasikiliza wananchi. Mimi naandika tu, siruhusiwi kutetea. Njoo."

Hakujibiwa. Alhamisi mwanamume akaingia mbele ya kamati, shati limepigwa pasi.

"Unataka tushushe kiwango?" mwenyekiti alimuuliza.

"Hapana, mheshimiwa. Nipimeni, hata leo. Nikishindwa nitaondoka mwenyewe. Msiniondoe bila kunipima."

Marekebisho yakapita bila kura hata moja ya kupinga.

Mwanamke alimkuta kwenye korido. "Nilikosea. Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani, nilikuwa nanuna tu. Ila siku nyingine, jambo linalonihusu, niulize kwanza."

"Haya, nakuuliza. Utanioa?"

Yule mwenye sauti ya kufukuza watu njiani akaitikia kwa sauti ile ile, "Ndiyo!" hadi wabunge wawili wakageuka.