Siku Tuliyolificha Korongo

Asubuhi nyumbani kwetu huanza na kelele. Cherehani yangu inalia sebuleni. Mume wangu anatafuta brashi zake, na kila siku anazikuta palepale alipoziacha. Yeye ni fundi rangi, na mtaa mzima unamwita Brashi. Mama yake anakaa chumba cha nyuma. Huamka kabla yetu sote, na akiamka tu anaanza kutoa amri.

Nyuma ya chumba chake kuna korongo. Zamani ulikuwa mfereji mdogo tu, hata mtoto aliweza kuuruka. Lakini kila mvua iliponyesha, maji ya barabarani na ya mabati ya nyumba za juu yalipita pale kwa kasi, yakachukua udongo. Sisi tukatupa takataka humo, tukidhani tunalijaza. Maji yakazibeba takataka na udongo mwingine juu yake. Mwisho ukingo ukafika karibu kabisa na ukuta wa Mama, na ukuta ukapasuka. Mvua ikianza, tulikuwa tunamtoa chumbani tunamlaza sebuleni. Hakupenda hata kidogo.

"Mvua kubwa zikija ukuta ukiwa hivi, Mama, itabidi uhamie kwa dada," Brashi alimwambia.

"Sihami," alijibu. "Chumba hiki alinijengea marehemu baba yako. Nitatoka humu nikiwa nimebebwa."

Basi siku moja akaja jirani yetu Kinyozi. Yeye ni katibu wa kikundi chetu cha usafi wa mtaa. Tulimchagua kwa sababu habari zote hupita kwenye kiti chake cha kunyolea.

"Kuna ruzuku," alisema.

"Ruzuku ndiyo nini?" niliuliza.

"Fedha za kutunza mazingira. Kikundi kinaomba, kinapewa, hakirudishi."

Brashi aliacha kutafuna. "Hakirudishi? Nani huyo anayetoa hela asidai?"

"Hata mimi sijaelewa vizuri."

"Mimi naona huo ni mkopo umevaa nguo mpya," nilisema.

"Au ni zawadi ya mtaa msafi," alisema Brashi.

Hakuna aliyejua. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hata hivyo Kinyozi alipeleka ombi la kikundi, na jibu likaja kwamba afisa mazingira atafika kulitazama korongo. Hapo Mama akasimama.

"Mgeni atoke ofisini huko, aje akute shimo limejaa uchafu? Atasema mimi nimelea watu gani? Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Sawa, lakini apone akiwa amefagia."

"Lakini Mama," nilisema, "anakuja kulitazama hilohilo shimo."

"Ataliona. Ila lisiwe na aibu."

Nilichanganyikiwa. Shimo litaonekanaje bila kuonekana? Lakini ukweni kuna maneno ukiyajibu unaitwa mkaidi. Nikachukua ufagio.

Kikundi kizima kilifanya kazi. Tulijaza udongo na vifusi nyuma ya chumba, tukamwaga mchanga mweupe juu. Kinyozi alikata matawi ya ua wake akayachomeka kwenye mchanga, yakasimama kama miti. Brashi akaziba ufa wa nje na kupaka ukuta rangi. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alisema akijisifu. Niseme kweli, palipendeza.

Afisa alikuja kwa miguu, mwanamke kijana, viatu vyake vimetapakaa matope. Tulimpa chai. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Korongo liko wapi?"

"Ndilo hili," alisema Kinyozi.

"Lipi?"

"Hilo ulilosimama juu yake."

Afisa aliangalia miguu yake. "Kwa hiyo tatizo limekwisha?"

"Limekwisha," alisema Mama.

"Halijaisha," nilisema mimi.

"Limekwisha kidogo," alisema Brashi.

Afisa alishusha kikombe. "Jamani, nimechanganyikiwa. Nikirudi ofisini nitasema nimeona nini? Naona uwanja mzuri na ukuta mpya. Fedha hizi ni za ardhi inayoharibika. Kama hapa haiharibiki, niruhusuni niende kwa wengine. Wanaosubiri ni wengi."

Akaanza kufunga mkoba wake. Brashi alininong'oneza, "Tumekosa nini sasa? Tumesafisha, tunanyimwa. Ina maana tungechafua tungepewa?" Nilikuwa namfikiria Mama na mvua zinazokuja.

Mama alimgeukia afisa. Halafu akasema, "Binti, njoo chumbani kwangu."

Tulishangaa. Mama haruhusu mtu baki kuingia mle. Tulimfuata. Akaniambia nisukume kabati. Nyuma ya kabati, ambako brashi ya mume wangu haikufika, ufa ulishuka kutoka kwenye dari hadi sakafuni. Mkono wa mtu ungeingia.

"Mvua ikinyesha nasikia udongo unaanguka huko nje," alisema Mama. "Nawaambia hawa sihami. Lakini naogopa, mwanangu. Naogopa sana."

Miaka yote niliyokaa naye, sikuwahi kumsikia akisema anaogopa. Brashi aliinamisha kichwa.

Afisa aliingiza vidole kwenye ufa. "Mama, hiki ndicho nilichokuja kukiona," alisema taratibu. "Mficha maradhi, kifo humuumbua."

Akaketi kitandani. Sasa tulimuuliza yote.

"Huu ni mkopo?" nilianza mimi.

"Si mkopo, hamrudishi. Wala si zawadi ya usafi. Ni fedha ya kufanyia kazi mliyoieleza, si kazi nyingine. Inapewa kikundi, si mtu mmoja. Na kikundi kinaonyesha kila kilichonunuliwa, ili asiwepo wa kumnyooshea mwenzake kidole."

"Na sisi tunatoa nini?" aliuliza Kinyozi.

"Nguvu zenu. Mtachimba, mtaokota mawe. Tena mtaniambia nani atatunza miche mimi nikishaondoka. Hapo ndipo vikundi vingi hushindwa."

"Basi tujenge ukuta wa saruji," alisema Brashi.

"Maji yanatoka wapi?"

"Huko juu."

"Basi tunaanzia huko juu. Maji yakija kwa kasi, yatachimba chini ya saruji yako. Tuyapunguze mwendo kwanza. Tupange mawe kukatiza korongo, yashike udongo. Kingoni tupande majani yenye mizizi mirefu. Miti iwe nyuma kidogo, mbali na nyumba."

"Na ule udongo tuliojaza?" niliuliza.

"Huo mvua itauchukua."

Na kweli, mvua ndogo tu ilipita, ikaondoka na udongo, mchanga na miti ya Kinyozi. Safari hii hatukufagia. Tulipiga picha za korongo lilivyo, na za ufa pia, tukampelekea afisa. Kisha tukaenda kwa majirani wa juu.

"Korongo ni lenu," walituambia. "Sisi linatuhusu nini?"

Mama alikuja nasi, na fimbo yake. "Korongo ni letu," alisema. "Maji ni yenu."

Walitazamana. Wiki hiyohiyo walianza kuchimba mitaro ya kukinga maji ya mabati yao, yaingie ardhini polepole.

Ruzuku ilipotoka, kikundi kilinunua toroli, sururu, waya wa kufungia mawe, na miche. Tulipanga mawe kuanzia juu kushuka chini. Mikono ilitutoka malengelenge, na Brashi alilalamika kila siku, lakini hakukosa kuja. Kutupa takataka korongoni tukapiga marufuku. Kumwagilia miche tukagawana zamu kwa nyumba. Ukuta wa Mama tuliujenga upya kwa fedha zetu, maana ruzuku ilikuwa ya ardhi, si ya nyumba.

Mvua kubwa ya kwanza ilikuja mchana. Niliacha cherehani ikiwa na nguo sindanoni, nikakimbilia chumba cha nyuma. Brashi naye alifika mbio, rangi hadi kwenye nywele, akamshika Mama mkono ili amtoe.

"Mnanipeleka wapi?" aliuliza Mama.

"Mama, mvua."

"Naisikia."

Nilichungulia dirishani. Maji yalikuwa mengi, lakini yalipita polepole, yakitua nyuma ya kila safu ya mawe na kuacha udongo hapo. Majani yalilala, hayakung'oka. Ukingo ulikuwa palepale.

Brashi alibaki ameshika mkono wa mama yake. "Sasa tufanye nini?"

"Uniachie mkono," alisema Mama. "Na mkitoka mfunge mlango. Nataka kulala."