Jina Chini ya Meli

"Kwa mamlaka niliyonayo kama mpiga video rasmi wa meli kubwa za pwani ya kusini, natangaza kwamba asubuhi hii meli itatoka chelezoni."

"Mamlaka gani?" Shemeji Dominick aliniuliza kutoka chini, brashi mkononi. "Umekuja na simu ya baba yako, na chaji umemwomba mlinzi."

Kweli tupu. Nilikuwa nimesimama ukingoni mwa chelezo cha Kilwa Masoko, lile shimo kubwa la zege ambamo meli hukaushwa ili itengenezwe. Dominick, fundi rangi wa pale, ni mchumba wa dada yangu Theresia. Jumapili ndoa yao ingetangazwa kanisani kwetu Mitole kwa mara ya mwisho.

"Unarekodi?"

"Muda mrefu, shemeji. Fanya kama sipo."

Mafundi wa pale wana desturi yao. Kabla maji hayajafunguliwa, kila mmoja huandika jina la mtu anayempenda kwenye ubavu wa meli, chini kabisa, mahali patakapozama. Msimamizi hujifanya haoni. Dominick akaandika THERESIA kwa rangi nyeupe. Hatua chache pembeni, mwenzake Tomaso akaandika STELLA, jina la mkewe, kisha akampa Dominick brashi amshikie ili afunge kamba za viatu.

Hapo ndipo shetani, ambaye shuleni bwenini tulifundishwa kumkataa, aliponikuta sina jibu. Nikarekodi STELLA peke yake, na Dominick kasimama kando, brashi mkononi. Maji yakaingia, yakameza miguu ya herufi, kisha vichwa. Meli ikainuka taratibu, ikavutwa nje huku honi ikilia mpaka kifua changu kikatetemeka. Sijawahi kupiga video nzuri kama ile. Nikamtumia dada, na ujumbe:

"Meli imetoka salama. Ila hilo jina alilosimama nalo shemeji, mimi sijui. Pole, dada."

Nilipanga kumwambia ukweli nikifika Nangurukuru, njiani kurudi nyumbani. Nikafika, nikanunua muhogo wa kukaanga, simu ikaita. Dada.

"Jeni, ni yeye kabisa?"

"Ni yeye." Hapo sikudanganya. Shuleni hilo tunaliita kujibu swali lililoulizwa.

"Jina langu umeliona popote?"

Meno yangu yakasimama katikati ya muhogo. "Sijaliona."

Halafu akasema, sauti ndogo, "Basi. Nimeshambloku. Nitamwomba baba aende kwa padre, tangazo lisisomwe. Wewe njoo nyumbani. Tutabaki wote wawili, kama zamani."

Kama zamani. Tangu mama afariki, dada ndiye anayenisuka nywele, ndiye anayenifungia sanduku la shule. Nikatafuta ile video nyingine, yenye THERESIA. Nikaitazama mara moja. Nikaifuta, nikapanda gari.

Siku mbili baadaye, Jumamosi, Dominick alifika Mitole, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba," baba alijibu, bila kumwonyesha kiti.

"Kila nikimpigia Theresia simu haiiti. Nimekuja kuuliza nimekosa nini."

Dada akamnyooshea simu. "Stella ni nani?"

Dominick aliitazama video mpaka mwisho. "Mke wa Tomaso. Huo mwandiko ni wa Tomaso. Lako liko hapa." Akagusa hewa, kando ya kioo, nje ya picha.

"Nioneshe."

"Nikuoneshe vipi? Liko chini ya meli, na meli iko baharini."

"Umejipanga vizuri."

"Sijajipanga, Theresia. Muulize Jeni. Alikuwa juu yetu, anarekodi tangu mwanzo."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa mlangoni na sinia la chai. Nikakohoa.

"Ndugu zangu, ifahamike kwamba kamera, katika mazingira ya mwanga hafifu..."

"Jenipher," dada akasema.

Hotuba ikaishia hapo.

"Aliliandika," nikasema. "Theresia, lote, tena kubwa kuliko la Stella. Nililiona. Nikalirekodi. Nikalifuta."

Vikombe vilianza kugongana. Baba akanipokea sinia bila neno, na hilo liliniuma kuliko kofi. Dada akamvutia Dominick kiti, akakaa naye, akamwekea mkono begani. Alikuwa bado hajamtazama. Alikuwa ananitazama mimi.

"Ulikuwa utani?"

"Siku ya kwanza."

"Na jana? Nililia mpaka chakula kikanishinda. Wewe ndiye uliyenishika kichwa."

Ningeweza kusema niliogopa. Ni jibu zuri, hata padre angelipokea.

"Jana nilifurahi, dada," nikasema. "Kila ulivyolia, nilijua huondoki."