Mkono Usioachia

Saa moja na nusu asubuhi, siku ya Jumamosi, maji ya bwawa la umma la Kilimahewa, mjini Tabora, yaliinuka kidogo chini ya mgongo wa mwanamke mnene aliyelala chali, yakamshika asizame.

"Jamani, nimebebwa!" alipiga kelele. "Hata harusini sikubebwa hivi."

"Usijisifu, shoga," mwenzake alimjibu kutoka ukingoni. "Hayo yanabeba hata magogo."

Kilichombeba kiliitwa mkono-maji. Sakafu ya bwawa ilikuwa na maelfu ya matundu madogo, na kila tundu lilisukuma maji kwa nguvu iliyopangwa na akili unde, hata msukumo wote ukachukua umbo la viganja viwili. Aliyeubuni ni Mhandisi Siwema Kasunzu. Viganja vyenyewe vilikuwa vya mama yake, Bi. Mwajabu, aliyewafundisha kuogelea wanawake wa mji ule katika saa zao maalumu tangu bwawa lilipofunguliwa. Mwaka wake wa mwisho alifundisha akiwa amevaa glavu za vihisio, na akili unde ikajifunza kwake wakati wa kukaza, wa kulegeza na wa kuachia.

Kuachia ndiko kulikokuwa kazi yenyewe. Mwili wa mwanafunzi ulipolegea, viganja vilipungua hadi vidole viwili, kisha pakawa hapana kitu, naye akajikuta anaelea. Waliomng'ang'ania, Bi. Mwajabu aliwaambia: "Nikushike mpaka lini, mwanangu? Kwani mimi mumeo?"

Alifariki kabla mtambo haujazinduliwa. Wiki ya uzinduzi, mumewe, Mzee Kasunzu, fundi cherehani mstaafu ambaye hakuwahi kutia hata mguu bwawani, alijishonea kaptura akaja saa za wanaume. Alilala juu ya maji, akafumba macho. Tangu hapo hakukosa siku.

"Baba, kuogelea kunaendaje?" Siwema alimwuliza.

"Nani kaja kuogelea? Nimekuja kukaa na mama yako."

Miezi mitano baadaye, Bwana Lugendo, msimamizi wa mabwawa ya manispaa, alimwita Siwema ofisini.

"Wageni wanapungua, Mhandisi. Mtu akishajua kuelea, harudi. Tunawafundisha watu kutukimbia. Ikiendelea hivi, baraza litalifunga bwawa."

"Sasa unataka nini?"

"Mkono usiachie. Ushike tu. Mtu ajione yuko salama, kesho arudi."

"Hawatajua kuogelea."

"Lakini watakuja."

Siwema alilijua jibu sahihi. Alijua pia, kwa kuwa kiwambo chake kilimwonyesha, kwamba mwili wa baba yake ulikuwa umeanza kulegea, na kwamba chini ya mgongo wake vilibaki vidole viwili. Muda si mrefu visingebaki hata hivyo viwili. Alasiri hiyohiyo aliifuta kanuni ya kuachia.

Wageni waliongezeka maradufu. Wengine walitoka Nzega na Urambo. Waliozoea, mtambo uliwapa mshiko mwepesi mno, na wengi wao hawakuuhisi tena. Waliamini kwamba wanaelea wenyewe.

Mmoja wao alikuwa Havijawa Mrisho, muuguzi, aliyehudhuria miezi minane. Siku ya mapumziko alikwenda na wenzake kwenye lambo nje ya mji, akaingia majini.

"Hakupiga kelele," mwenzake aliyekuwa ukingoni alieleza baadaye. "Alilala chali, akanyoosha mikono kama tunavyofanya bwawani. Nilidhani anatuonyesha ujuzi. Alikuwa anatabasamu."

Siwema alikwenda msibani, akaketi mkekani kati ya wanawake. Mama yake Havijawa, asiyemjua, alimgeukia.

"Mwanangu alikuwa anajua kuogelea. Kajifunza miezi minane. Kimempata nini?"



Siwema alipotoka huko alikwenda moja kwa moja kwa baba yake. Alimkuta barazani, anaanika kaptura.

"Baba, kesho narudisha kuachia."

"Kwani mama yako alikuwa haachii?"

"Nilimzuia mimi."

Mzee Kasunzu aliinyoosha kaptura kwenye kamba, akaipigapiga mikunjo kwa kiganja.

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya bwawa. Na kwa ajili yako."

"Mwajabu asingekubali."

"Najua, baba."

"Huyo binti aliyezama lamboni ameacha mtoto?"

"Mmoja."

"Basi rudisha," Mzee alisema. "Ila nikiwa ndani. Nisije nikakuta keshaondoka."

Kesho yake, saa za wanaume zilipoanza, aliingia bwawani, akalala chali. Siwema alirudisha kanuni, kisha akasimama mbele ya kiwambo. Viganja vilionekana vyote viwili chini ya mgongo wa baba yake. Vikafifia polepole, kwa utaratibu uleule Bi. Mwajabu aliotumia kwa wanafunzi wake wote. Vikabaki vidole viwili. Navyo vikaondoka.

Mzee Kasunzu hakuzama. Alielea peke yake, macho yamefumbwa, midomo ikitikisika. Kisha akasimama, maji yakimfika kifuani, akageuka, akatazama nyuma yake, pale viganja vilipokuwa.