Faili Lililotaka Jina

Karani wa masjala ya hospitali alikuwa na hati elfu nne za watoto waliozaliwa hapo. Kwenye kompyuta, jina la kila faili lilianza na tarehe ndipo likafuata jina la mtoto, na mkubwa wake alitaka jina litangulie. Fundi wa kompyuta alimwonyesha jinsi ya kuandika kanuni, mstari mmoja wa alama unaoonyesha majina ya namna gani yanaswe na yageuzwe vipi. Karani akaiandika, akabonyeza. Kufumba na kufumbua, yote yakageuka.

Isipokuwa moja, chini kabisa, lisilo na jina. Hata herufi moja halikuwa nayo.

Alilifuta, likarudi. Alilifuta tena, likarudi, na chumbani kukanuka nywele zilizoungua, ingawa ilikuwa mchana kweupe na wenzake wote walikuwa wametoka kula. Kwa hasira akaandika nukta na nyota, alama mbili zinazonasa chochote kile, hata utupu. Penye jina jipya akaweka la binti yake, kama alivyofanya alipokuwa akifundishwa na fundi.

Safari hii faili lilikubali. Ndani ya kabati nyuma yake, kitu kilicheka taratibu kama mtoto aliyefichwa.

Jioni alipofika nyumbani alifungua kinywa amwite binti yake, jina likagoma kuja. Mumewe naye hakulikumbuka. Mama mkwe, aliyemlea mtoto huyo tangu wiki ya kwanza, alibaki akisema, "Wewe, mjukuu wangu, wewe," huku machozi yakimtoka. Kesho yake mwalimu aliandika kwamba mtoto hakufika shule, na mtoto alikuwa ameketi mbele yake.

"Mama," mtoto alinong'ona siku ya tatu, "kuna mtu kwenye kabati la kazini kwako, anaitika mkiniita."

Mama mkwe akawa hauachii mkono wa mjukuu, akila kwa mkono mmoja, akisinzia kitini vivyo hivyo, kwani alisema vidole vya mtoto vinazidi kuwa vyepesi na akiviachia hatavipata tena.

Siku ya nne karani alimwingiza ofisini mganga aliyejifanya mgonjwa anayefuatilia kadi yake. Mganga alinusa mlango wa kabati, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu hajawahi kuwa na jina," alisema kwa sauti ya chini. "Ndiyo njaa yake. Hatalitema la binti yako mpaka umpe jingine."

"Jina la nani?"

"La mtu aliye hai, na hilo hatalirudisha; hata watu wake hawatamjua tena. Ni nani, usiniulize mimi."

Akatoka, akasimama koridoni akiwa amempa mgongo.

Karani alikaa mbele ya kompyuta, na mlango wa kabati ukawa unafunguka kidogo kidogo bila mlio, na ile harufu ikamjaa kooni, na kitu kikamwita mama kwa sauti ya mwanawe hasa, kikibembeleza, kikisogea, mpaka akahisi pumzi ya moto shingoni, na vidole vyake, ambavyo baadaye alijaribu kujiaminisha kwamba havikuwa vyake, vikaandika jina la mama mkwe, lote, mpaka la ukoo.

Kabati likajifunga.

Nyumbani, jina la binti yake lilimtoka mdomoni kabla hajavua viatu. Mtoto alimkimbilia, mzito, mwenye joto. Mumewe alitoka jikoni uso umemkunjamana.

"Kuna bibi kizee ameingia humu," alisema kwa sauti ya chini. "Ananiita mwanangu. Unamjua?"

Mama mkwe alisimama mlangoni mwa jikoni, mwiko mkononi, akimtazama mkwewe ili amjibie.

"Simjui," karani alisema, akiyakwepa macho ya mama mkwe.

Mumewe alimshika mama yake mkono kwa adabu, akamtoa hadi nje, akamwomba radhi, akafunga mlango kwa ufunguo. Wote watatu wakakaa mezani. Nje, yule mama aliita jina la mwanawe, kisha la mjukuu wake, kisha la karani, bila kukosea hata moja.

"Mama, huyo nani?" mtoto aliuliza.

Karani akamwambia ale, chakula kinapoa.